Mapigo Themanini ya Kengele

Jumatatu, 6 Mei
Mimi ndiye kijana mwenye akili kuliko wote waliowahi kufukuzwa darasa la saba. Mwalimu mwenyewe alikiri hajawahi kuona kichwa kama hiki. Sasa kanisa limenikabidhi makao yake ya wazee niyaendeshe. Haya, nafua mashuka. Lakini makao bila mashuka ni nini?

Mama Mlezi, mkuu wetu, analia kwamba miezi minne hajaja mgeni hata mmoja kuwaona wazee. Nikamwambia aniachie mimi, kabla ya Jumapili uwanja utafurika. Alicheka hadi akashika mlango. Akasema nikiujaza, ananipa kazi ya kudumu. Nikishindwa, narudi kwa mjomba kulisha kuku. Kuku wale wananichukia.

Jumanne, 7 Mei
Bibi Mshonaji kanishonea kifungo bila miwani! Sindano inapita kama samaki majini. Kila asubuhi anakaa kwenye benchi la getini na kuniuliza kama nimemwona binti yake. Nasema bado, Bibi. Anasema basi yuko njiani. Miaka sita yuko njiani.

Mpango wa kwanza: nilimwomba mchungaji awatangazie waumini kwenye ibada ya jioni. Akatangaza. Wote wakaitika amina. Hakuja hata paka.

Alhamisi, 9 Mei
Nimepata! Babu Kengele, aliyepiga kengele ya kanisa miaka arobaini, kanifunulia siri. Mzee wa makao akifa, kengele hupigwa mara moja kwa kila mwaka wake. Watu husimama popote walipo, wakahesabu. Nikamuuliza wazee wetu wana miaka mingapi. Akasema nani ajuaye, walizaliwa kabla ya vyeti.

Hapo akili ikawaka. Nikipiga themanini, kila familia itadhani ni mzee wao! Mpishi, adui yangu, akasema naitazama kengele kama mbwa aliyesimama mlangoni pa bucha. Wivu tu.

Ijumaa, 10 Mei
Saa nne asubuhi nikashika kamba. Kufika thelathini na kitu, hesabu ikanipotea. Kosa la njiwa, walinisumbua. Nikawa narukaruka na kamba kama mbuzi. Mara nasikia mtu nyuma yangu ananiambia nitoke hapo, mpumbavu mimi, kengele si mlango wa choo.

Babu Kengele! Asubuhi hiyohiyo alilishwa uji kwa kijiko, maana mikono inamtetemeka. Akaishika kamba. Mikono ikatulia. Tuli! Kila pigo lilinipita kifuani likashukia magotini. Nikajikuta nimevua kofia. Mimi, nisiyemvulia hata polisi.

Wakaja! Kwa baiskeli, kwa miguu, seremala na randa yake mkononi, mama mmoja na povu la sabuni kichwani. Wanalia huku wanabishana kama ni sabini na nane au themanini na tatu. Wakawakuta wazee wao vitini wanakunywa chai. Kisha kikaanza kilio kingine, cha namna nyingine kabisa. Baba mzima, ndevu na kitambi, kalaza kichwa mapajani kwa mama yake. Sijapata kuona. Mzee mmoja akawataka wanawe walie upya, mara ya kwanza hakusikia vizuri.

Nikakimbilia getini. Bibi Mshonaji alikuwa ameshavaa gauni lake la bluu, kajipaka mafuta, kakaa. Hadi jua linazama.

Jumapili, 12 Mei
Uwanja umejaa tena, bila msiba. Mchungaji kahubiri saa nzima juu ya uongo, bila kunitaja, bila kuniondolea macho. Mama Mlezi kanipa kazi ya kudumu, na adhabu ya kuosha vyoo mwezi mzima. Kengele imefungwa kwa kufuli. Kufuli lenyewe dogo, nalifungua kwa kijiko.

Nilimwomba Bibi radhi. Akaniita mjukuu wake, akasema nisijitese, binti yake anakaa mbali, kengele haifiki. Basi nimeshaanza kuulizia kengele kubwa zaidi. Mpishi kaficha vijiko.

Kila kitu kimekwenda kama nilivyopanga. Isipokuwa kimoja. Yule niliyempigia kengele hasa, ndiye pekee ambaye hakujiwa na mtu.