Nyumba Inayofaa Waziri

Jumatatu, 3 Machi

Kosa wanalofanya watu wengi serikali inapobadilika ni kusikiliza redio. Redio inakuambia nani ameapishwa. Haikuambii nani anahama. Mimi hutazama mapazia.

Nilifundisha jiografia miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, na jiografia ni kutazama kilicho mbele ya macho yako. Leo asubuhi nimepita Mtaa wa Juu, zilipo nyumba za serikali, fimbo mkononi, kama mzee anayenyoosha miguu. Nimehesabu madirisha mia mbili na kumi na mawili yasiyo na mapazia. Wakubwa waliotoka wamebeba yote, pamoja na bomba zake na pete zake. Mmoja, ambaye hadi Ijumaa alikuwa naibu waziri, nimemkuta juu ya stuli, bisibisi mdomoni. Tumesalimiana. Yeye kwa macho.

Hitimisho ni rahisi. Mkubwa mpya hawezi kulala kwenye nyumba inayochungulika. Atapanga kwa mtu binafsi, na serikali italipa. Nyumba yangu iko dakika saba kwa miguu kutoka wizarani. Kodi yake kwa mkubwa ni mara nne ya kodi kwa mtu wa kawaida.

Nimemweleza mke wangu. Tupangishe nyumba kubwa, sisi tuhamie vyumba viwili vya uani. Akauliza, uani si yupo Fundi? Yupo. Fundi ni mama wa makamo, mpangaji wetu wa miaka tisa, mwenye cherehani tatu. Anashona mashuka, sare za shule na mapazia. Atapewa notisi.

Mke wangu akasema Fundi akitoka, na yeye anatoka naye. Mambo ya hasira. Yatapita.

Jumanne, 4 Machi

Nimempa Fundi notisi. Kurasa mbili, zenye utangulizi na mchoro. Ahame mwisho wa mwezi. Aliisoma amesimama, futi ya kupimia shingoni. Hakulia, hakubishana. Alisema, sawa baba, ila huu mto uliochorwa hapa ni wa nini? Nikamfafanulia kwamba si mto, ni mwelekeo wa soko la nyumba. Akasema anashukuru kufahamu.

Akauliza kama amalizie mapazia ya sebuleni aliyokuwa akimshonea mke wangu bure. Nikamwambia asijisumbue. Waziri atakuja na ladha yake. Nimeteremsha hata yale ya zamani, ili mwanga uonekane.

Mwanga unaonekana. Wapita njia nao wanatuona tukila.

Alhamisi, 6 Machi

Dalali amekuja. Kijana nadhifu, simu mbili, viatu vyenye ncha. Shikamoo mzee wangu, nyumba ni hii au kuna nyingine nyuma yake? Nimemsamehe. Anasema wakubwa wa safari hii wanataka vitu vitatu: ukuta mrefu, tangi la maji, kibanda cha mlinzi. Ukuta upo. Tangi lipo. Kibanda hakipo. Kitajengwa.

Nimetundika kibao getini: NYUMBA INAYOFAA WAZIRI.

Saa tisa alasiri jirani wa ng'ambo ya barabara, Daktari wa Meno, ambaye ana nyumba tupu pembeni ya kliniki yake, naye katundika chake: NYUMBA INAYOFAA WAZIRI MKUU.

Sikukasirika. Nilivuka barabara nikamweleza kwa upole kwamba nchi ina waziri mkuu mmoja tu, na tayari ana nyumba, kwa hiyo idadi ya wateja wake ni sifuri. Akanijibu kwamba yeye kazi yake ni kung'oa meno, hesabu anatuachia sisi walimu. Kisha akanitazama kinywani. Sipendi anavyonitazama kinywani.

Jumatatu, 10 Machi

Kibanda kimekamilika. Mwashi aliuliza mlinzi atakuwa na unene gani. Nikasema wa kawaida. Nikajaribu kuingia. Lazima niingie kwa ubavu.

Nilitaka kukipaka rangi ya chama kipya. Imeisha mjini kote. Muuzaji akanipa ya chama cha zamani kwa nusu bei, akaniapia kwamba ikikauka hubadilika.

Imekauka. Haijabadilika.

Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuja kusaidia kutoa makochi. Akauliza, sasa Mwalimu, tukikosa waziri tutakaa wapi? Nikamweleza tofauti kati ya hofu na uchambuzi. Akaketi kwenye kochi alilokuwa amelibeba nusu.

Mke wangu ameshahamia uani. Fundi bado yumo, lakini anasema amemkaribisha. Mchana kutwa wako huko, mmoja anashona, mwingine anakunja pindo, na vicheko vinavuka dirisha. Nikikohoa, vinanyamaza. Nikiondoka, vinarudi vikiwa vikubwa zaidi. Nyumba ya vyumba vitano, na ninakula peke yangu juu ya sanduku la vitabu.

Alhamisi, 13 Machi

Siku kubwa! Dalali ameleta mteja. Mama mmoja, katibu katika ofisi mpya inayoshughulikia makazi ya viongozi. Gari jeusi, faili mkononi, salamu fupi.

Alimaliza nyumba nzima kwa dakika nne. Swali lake lilikuwa moja: mbona hakuna mapazia? Nikamweleza kuhusu mwanga. Kisha mwelekeo wa jua. Kisha, kwa kuwa alikuwa bado hajaondoka, pepo za asubuhi. Akatazama saa yake mara mbili.

Hapo cherehani zikaanza kunguruma uani. Akauliza ni nini. Nikaomba radhi, nikamhakikishia kwamba ni mpangaji tu, tena mwisho wa mwezi kelele hizo hazitakuwepo. Akasema angependa kuona. Nadhani alitaka uhakika.

Alikaa uani dakika arobaini. Nilimsubiri kibandani, nikisimama kama mlinzi anavyopaswa kusimama, ili apate picha. Alitoka na namba ya simu ya Fundi na kipande cha kitambaa. Akaniambia, asante mzee, na kazi njema.

Dalali amesema dalili ni nzuri. Mimi pia naona hivyo.

Jumatatu, 17 Machi

Daktari wa Meno amevuka barabara saa mbili asubuhi na kikombe chake cha chai. Eti sijasikia redio? Nikamkumbusha kwamba sisikilizi redio. Akasema basi nikae.

Serikali mpya inabana matumizi. Kuanzia leo hakuna mkubwa atakayepangiwa nyumba ya mtu binafsi. Wote wanaingia Mtaa wa Juu, kwenye nyumba za serikali, mara tu zitakapopakwa rangi na kuwekewa mapazia.

Alisimulia kwa furaha isiyo na maana, maana naye ameumia. Hata hivyo kibao chake amekigeuza. Upande wa pili umeandikwa: MENO YANANG'OLEWA HAPA. Mtu mwenye kibao cha pande mbili si wa kuaminika.

Nimempigia dalali. Simu zote mbili hazipatikani.

Mchana Fundi amenifuata. Shikamoo baba, pole baba. Ofisi ya makazi imempa kazi ya mapazia ya Mtaa wa Juu wote, madirisha mia mbili. Nikamsahihisha. Mia mbili na kumi na mawili. Nikampa na daftari langu, lenye dirisha kwa dirisha. Akalishika kwa mikono miwili, akasema nimemwokolea siku mbili za kuzunguka.

Mke wangu alisimama mlangoni akinitazama muda mrefu.

Jumapili, 23 Machi

Kikao sebuleni, watatu tukikalia sanduku la vitabu na ndoo mbili. Msemaji wa Fundi alikuwa mke wangu.

Hoja yao: cherehani sita zaidi zinakuja, uani hapatoshi. Notisi yangu ya kurasa mbili bado inasimama. Daktari wa Meno ameshamwonyesha Fundi nyumba yake tupu na amempunguzia kodi. Fundi akienda huko, mke wangu anakwenda naye, kwa kuwa sasa ndiye mkuu wa pindo. Ama sivyo, Fundi apange nyumba yangu kubwa kwa bei ya mtu wa kawaida, sisi turudi kwenye mpango wangu wa awali, vyumba vya uani.

Nikauliza, nikikataa? Mke wangu akasema, utabaki na mwanga wako.

Nikakubali. Nimeandika pembeni kwamba mpango wangu wa awali umetekelezwa.

Jumatatu, 31 Machi

Chumba kimoja cha uani kimejaa majora ya vitambaa. Kingine ndicho tunacholala, mke wangu na mimi. Amerudi kucheka nami hadharani, si nyuma ya dirisha. Kwa ajili ya kuandika, nimepewa kibanda cha mlinzi. Ninaingia kwa ubavu.

Asubuhi hii wageni watano wameniuliza, mlinzi, Fundi yupo? Nimewafungulia. Nimewaeleza. Wawili walisikiliza hadi mwisho, maana geti lilikuwa limekwama.

Kabla ya chai nilipita Mtaa wa Juu. Mapazia yote yametundikwa, yamenyooka vizuri. Yote isipokuwa moja! Nyumba ya kumi na nne, chini, kushoto: dirisha tupu. Baraza la mawaziri linatikisika. Mtu anahama, na atakayefuata hatataka nyumba yenye mkosi. Mke wangu anasema limeteremshwa kufuliwa, mtoto amelimwagia maziwa, yeye mwenyewe amelipokea. Yeye anatazama kitambaa. Mimi natazama soko.

Kazi ya leo: kumwandikia Fundi notisi. Kurasa tatu.