Nilivyomuua Bibi kwa Ajili ya Harusi

Jumatatu, Desemba 13

Bi Tseng amekataa. Hakuna ruhusa tarehe 25. Nikamkumbusha kwamba ni Krismasi, sikukuu ya kwetu. Akasema ndiyo maana hasa: wazazi wote wa mji huu wa Huwei watakuja kwenye onyesho la mchana kumtazama mgeni mwenye ndevu akigawa peremende, hawaji kumtazama yeye. Miaka kumi na moja nafundisha Kiingereza kwenye tuisheni yake. Miaka kumi na moja navaa lile joho jekundu linalonuka dawa ya nondo!

Na mwaka huu siwezi. Wan-ju, mwalimu wa chekechea, dada yake anaolewa mjini Chiayi mchana uleule. Amenitengea kiti kwenye meza ya jamaa. Meza ya jamaa! Baba yake ataniona kwa mara ya kwanza. Mwanamke wa hapa hakuketishi mbele ya baba yake kwa utani. Nikikosa kiti hicho, nimemkosa na yeye.

Lazima nipate njia.

Jumatano, Desemba 15

Saa nne asubuhi, kabla ya chai, nimemuua Bibi.

Bibi ana miaka themanini na miwili, yuko Timaru, New Zealand, buheri wa afya, na bado anaendesha gari kwa fujo. Nilisema tu kwamba nimepigiwa simu. Bi Tseng akauliza ni mzaa mama au mzaa baba, maana hapa kila mmoja ana jina lake. Nikababaika, nikawataja wote wawili, ikabidi nimrudishe mmoja. Akalia. Kumbe naye kalelewa na bibi. Akanipa wiki mbili, akanishika mkono, akaniita mwanangu. Sijawahi kuona haya namna ile. Nilitoka nimeinamisha kichwa. Ofisini wakadhani ni majonzi.

Joho kapewa Gareth wa Wales, mwenye miezi minne tu hapa na tumbo lake mwenyewe. Amefurahi kama mtoto. Mjinga.

Alhamisi, Desemba 16

Balaa! Nilimwendea Wan-ju na habari njema mdomoni, nikamkuta macho mekundu. Alishasikia. Akanipa pole. Akasema bila shaka naelewa: aliyefiwa haingii harusini. Wekundu wa harusi na weupe wa msiba havigusani. Mama yake ameshauliza hekaluni, nao wamesema siku mia moja. Nikitia mguu pale, nuksi itamwandama biarusi.

Miaka kumi na moja hapa! Nalijua hilo! Mimi mwenyewe huvuka barabara nisipite mbele ya turubai la msiba. Nilisahau kwa sababu hakuna aliyekufa.

Ningeweza kumwambia ukweli. Nilifungua kinywa. Kikatoka kikohozi.

Jumamosi, Desemba 18

Nimepita darasani kuchukua vitabu. Watoto wamekaa sakafuni, kimya, wanakunja maua ya yungiyungi ya karatasi, ya kuchomwa ili kumsindikiza Bibi. Mama Kuo, mwenye nyumba wangu, ndiye aliyekuja kuwafundisha. Amekunja siku tatu mfululizo, vidole vimemchubuka. Binti mmoja, Yu-tsen, akaniuliza Bibi alipenda kula nini, wamkunjie, asije akakosa huko aliko. Nikasema keki ya ndizi. Wakamkunjia keki ya ndizi.

“Mwalimu, sasa hivi ana njaa?” akauliza.

Nimejifungia chooni robo saa. Mimi ni takataka.

Jumatatu, Desemba 20

Suluhisho! Bibi anafufuka!

Nimemweleza Bi Tseng kwamba mama alisema Bibi ametoka, nami nikasikia ametutoka. Simu ilikuwa inakwaruza. Kosa la silabi moja. Nilitarajia kukumbatiwa. Bi Tseng akauliza kwa upole, mbele ya ofisi nzima, iwapo mtu anayewafundisha watoto wao Kiingereza miaka kumi na moja hakielewi Kiingereza cha mama yake. Gareth akageukia dirishani. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Halafu Bi Tseng akasema heri, na maadamu Bibi yu hai, ruhusa ndiyo imekufa. Akamnyang'anya Gareth joho, akanirushia mimi.

Jumanne, Desemba 21

Mama Kuo amepiga yowe. Maua mia tatu ya msiba amemkunjia mtu aliye hai! Huko ni kumwitia mauti. Akanikokota hadi hekaluni, tukapiga magoti kuomba radhi. Nikarusha vibao viwili vya kumuulizia mungu, ambavyo jibu lake ni jinsi vinavyoanguka. Mungu akajibu hapana. Nikarusha tena. Hapana. Mara sita!

“Hujasema yote, mwanangu,” akasema Mama Kuo. “Sema.”

Nikasema yote, kwa kunong'ona. Harusi, kiti, simu ambayo haikupigwa. Nikarusha. Ndiyo.

Mama Kuo alikuwa ubavuni, kasikia kila neno. Hakunigombeza. Njia nzima alitembea mbele yangu bila kugeuka. Afadhali angenizaba kofi.

Jumamosi, Desemba 25

Nimegawa peremende. Nimecheka ho ho ho mpaka koo likauma. Ilipofika zamu ya Yu-tsen, hakuomba mwanasesere. Ameomba Bibi wa Mwalimu asitoke tena. Ndevu za pamba zinafaa sana kwa mtu anayelia.

Jioni nikapata habari za Chiayi. Meza ya watu kumi haiachwi na pengo siku ya harusi, na Gareth hakuwa na kazi. Wamempa kiti changu. Ameshusha pombe ya mtama glasi kumi na mbili na baba yake Wan-ju, na mzee sasa anamwita mdogo wake.

Jumapili, Desemba 26

Wan-ju amekuja. Anajua, Mama Kuo amemweleza. Nilitaka sakafu inimeze. Sikumtazama usoni, nilitazama viatu vyake.

Amesema kinachomuuma zaidi si Bibi. Ni kwamba ningemwambia Bi Tseng sababu yenyewe, Bi Tseng angelisogeza onyesho kwa mikono yake. Miaka miwili sasa Bi Tseng, mama wa watu, anamuuliza Wan-ju tutaoana lini! Mimi sikuwahi kumwambia kwa nini nataka ruhusa. Niliona haya.

Baba yake bado anataka kuniona. Jumatatu, Januari 3, chakula cha mchana, nyumbani kwao. Sharti ni moja tu.

“Omba ruhusa kwa ukweli, Murray. Sema unakwenda kwetu. Basi.”

Nimeapa. Nimeapa mara mbili, na machozi yananitoka.

Sasa nimekaa namwandikia Bi Tseng. Nimechana karatasi tatu. Ukweli ukiuandika unatia aibu mno: mtu mzima, ndevu hizi, anaomba ruhusa akaonwe na baba wa mwanamke! Lakini asije mtu akasema sikujifunza. Nimejifunza. Safari hii hafi mtu. Mjomba Clive atavunjika mguu tu.