Mto Uliozunguka Kilima

Jumatatu, 4 Agosti

Msiba! Binti Mvushaji anahama. Dada yangu kanitangazia asubuhi huku akimenya vitunguu, kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imekwisha. Jumapili anakwenda kukaa na bintiye mjini, kulea mjukuu. Chai ikanipalia. Dada akasema kama nina la kumwambia yule mjane nikamwambie, miguu ninayo na mdomo ninao. Dada hana haya.

Nimefungua duka la fotokopi akili ikiwa haipo. Nimemtolea mteja nakala ya cheti cha ndoa, nusu ya bibi harusi imekatika.

Halafu, neema! Kaingia Mwalimu mstaafu wa jiografia na ramani ya zamani, iliyopimwa kabla ya mafuriko kutuhamishia huku juu. Kijiji chetu chote kando ya mto! Kila nyumba ni kidoti cheusi. Kivuko kipo. Njia ya kisimani ipo. Nikashika meza. Baba yake Binti Mvushaji alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi, na yeye akikaa mbele kuwapanga abiria. Mimi nilivuka kila siku na kikapu changu. Ng'ambo sikuwa na shughuli yoyote. Nilifika, nikageuka, nikarudi. Ule mto nautamani mpaka leo.

Nimepata wazo. Nitampeleka pale pale palipokuwa kwao. Akipaona, hataondoka. Nimetoa nakala ya ziada kimyakimya, nimeikuza, nimeificha chini ya mashine. Mwalimu hajashtuka. Mimi ni hatari!

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda kibarazani kwa Binti Mvushaji, anaposhonea. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima. Ikanitoka yote. Nikasema tu kwamba nimegundua palipokuwa kwao, twende Jumamosi. Akaacha kukanyaga cherehani. Akauliza, taratibu, kama kweli hata ngazi za kivukoni zinaweza kupatikana. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi na ramani ni chanda na pete. Uongo mtupu, lakini angalia alivyotabasamu! Akanishukuru, akaniita kaka. Hakuna neno linaloniumiza kama hilo.

Nuksi: Mwalimu alikuwepo, kaleta suruali ifupishwe. Huileta kila wiki. Ikiendelea hivi itakuwa kaptula. Kajialika safarini, na dira yake.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemfuata Mwalimu kumwambia safari imeahirishwa. Akasema ajabu, maana katoka kwa Binti Mvushaji sasa hivi na wamekubaliana nani abebe chupa ya chai. Akajitolea kuleta ramani yake. Nikakataa katakata. Msafara mmoja, ramani moja, kiongozi mmoja. Akatabasamu. Simpendi anavyotabasamu.

Jumamosi, 9 Agosti

Siwezi kuandika. Naandika.

Tumeacha baiskeli chini ya kilima. Nikatangulia, ramani mkononi, kifua mbele. Mto wa leo haukuonekana, lakini kwenye karatasi ulikuwepo, mstari mnene uliopinda vizuri. Nikawatangazia kwamba mto ulihama baada ya mafuriko na hapa tulipo ndipo ulipopita zamani. Binti Mvushaji akavua viatu kwa heshima. Roho yangu ikajaa.

Tukatembea. Jua likatuwakia. Mwalimu akauliza mbona mto huu hauna mchanga, na mbona umepanda ubavuni mwa kilima. Nikamjibu kwamba mito ya zamani ilikuwa na nguvu. Tukatembea tena. Mbele nikaona baiskeli tatu, nikashangaa nani kafika kabla yetu. Zilikuwa zetu.

Mwalimu akanipokonya karatasi. Akacheka mpaka akakaa chini. Kwenye ramani yake mto ni wa buluu, na mistari ya kontua inayoonyesha kimo cha ardhi ni ya kahawia. Mashine yangu inatoa nyeusi tu. Nilikuwa nimefuata kontua. Nimemzungusha mama wa watu kilima kizima, peku!

Yeye hakucheka. Akavaa viatu, akapanda juu ya kilima peke yake. Nikamfuata. Kule juu mto ulikuwa wazi, na pale unapokata kona hakukuwa na kitu ila matete. Akanyoosha kidole: kivuko pale, jiko la mama yake pale, nyumba yetu nyuma kidogo. Kisha akasema siku zote alijiuliza kile kikapu changu kilibeba nini. Nikasema hakikuwa na kitu. Akasema alijua.

Akaniuliza kama kuna jambo nataka kumwambia kabla ya kesho.

Nikasema ndiyo. Nikamweleza kwamba kontua zikikaribiana maana yake mteremko ni mkali, na zikiachana ardhi ni tambarare.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema asante, kaka. Akashuka.

Jumapili, 10 Agosti

Kaondoka. Nilimbebea cherehani mpaka kituoni. Akakaa dirishani, akafungua kioo, akanitazama. Nikamwambia amsalimie mjukuu. Basi likaondoka na kioo bado kiko wazi. Nimerudi dukani, nimefunga mlango kwa ndani, nimelia.

Jioni dada kaniambia maneno ambayo sitayaandika. Mwalimu pia kapita kunipa pole, na nusu ya maandazi yake. Si mtu mbaya sana.

Lakini nimekaa nikatafakari, na kosa langu nimeliona. Kosa ni rangi! Kesho nakwenda kuulizia mashine inayotoa rangi. Mwalimu anayo ramani ya mji ule alikohamia Binti Mvushaji. Nitaikuza. Nyumba ya bintiye nitaizungushia duara jekundu, hapa kwetu nitaweka jingine, na katikati mstari mmoja mnene. Namtumia kwa posta. Sitaandika neno hata moja.

Mwenyewe ataelewa.