Jinsi Nilivyoiteka Jumamosi ya Hadijah

Jumanne, 29 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Steshenari haina mteja. Nimetazama sehemu ya thelathini na moja ya katuni ya Mpishi wa Ngome ya Saba chini ya kaunta. Mara ya tano. Nimelia tena. Mzee mmoja aliingia kutoa kopi ya cheti cha ubatizo, akaniuliza kama nimefiwa. Nikamjibu ndiyo. Si uongo! Jemedari amekufa akiwa ameshika bakuli la supu aliyopikiwa na adui yake. Mpishi mwenyewe ana mkono mmoja, ule mwingine alikatwa na huyo huyo jemedari, na bado alimwongezea chumvi kwa sababu alijua anapenda chumvi. Nani aliyewaza jambo kama hilo? Nampigia saluti, popote alipo Japani.

Naandika haya ili watakaokuja kuandika maisha yangu wasisumbuke. Mimi ni Doreen, miaka ishirini na minane, mchapaji na mtoa kopi, Tukuyu mjini. Shabiki namba moja wa anime (katuni za Kijapani), gemu na riwaya za kihistoria wilaya nzima ya Rungwe. Pengine shabiki pekee. Hapo ndipo pana shida. Kupenda kitu bila mtu wa kumsimulia kunachosha. Nilimsimulia mama habari za mpishi, akauliza kama ameolewa. Ipyana, fundi simu wa mlango wa pili na rafiki yangu, alitazama dakika kumi, akataka kujua mbona macho yao makubwa vile.

Nimeamua. Naanzisha chama. Jioni nilikwenda Kawetele kwa Mzee Abrahamu, mtunza ufunguo wa ukumbi, kuomba Jumamosi mchana. Akasema Jumamosi ni ya Hadijah.

Hadijah! Muuza vitambaa wa sokoni. Ana wanawake arobaini, wengi wachuma chai, na kila Jumamosi anawaonyesha tamthilia za wafalme wa Korea. Nikamwambia mzee kwamba chama changu ni cha kiwango cha juu zaidi. Akauliza tuko wangapi. Nikasema kwa sasa tunaanza na mmoja.

"Mwanangu," akasema, "lete watu kumi na tano tuongee. Ukija peke yako hicho si chama, ni wewe."

Sawa. Kumi na tano.

Jumatano, 30 Aprili

Nimechapa matangazo ya aina mbili. Nina akili jamani.

La kwanza nimelipeleka Isongole kwa bodaboda: "Wakulima wa viazi! Njooni muone kilimo cha Kijapani." Ni kweli tupu. Katika sehemu ya tisa kuna mtu analima. Sekunde ishirini nzima.

La pili nimelibandika karibu na kanisa: "Wanakwaya! Wimbo mpya kutoka ng'ambo." Kweli pia. Wimbo wa ufunguzi unatoka ng'ambo.

Wote waje Ijumaa saa kumi, kwenye kibaraza cha steshenari. Wakishaonja watanasa wenyewe.

Ijumaa, 2 Mei

Walikuja! Wakulima wanne, wameloa chapachapa, mmoja na kiroba cha viazi vyenye ugonjwa ili mtaalamu avitazame. Wanakwaya sita.

Wakulima waliniuliza mtaalamu yuko wapi. Nikawaonyesha sekunde ishirini kwenye simu. Wakaomba nirudie. Nikarudia. Wakaomba tena. Nikajua wamenasa. Kumbe wanabishana. Mkubwa wao alisema aliyechora matuta yale anayajua matuta, yanafuata mlima kama inavyotakiwa, lakini hajawahi kushika jembe, maana anamshikisha mtu mpini kama anafagia. Nimetazama upya. Yuko sahihi! Mara tano nimeitazama ile sehemu na sikuliona. Kisha wakauliza habari ya dawa ya viazi, nikawaonyesha sekunde ishirini tena, wakaondoka na kiroba chao bila kuniaga.

Wanakwaya ndio walinimaliza. Waliusikiliza wimbo mara mbili, wakagawana sauti, na kabla sijapanga viti vizuri wakauimba. Kijapani! Hawajui neno hata moja, na sauti zote nne zikakaa pahali pake. Mvua ilikuwa inapiga bati nao wanapanda juu yake. Mwili wote ulinisisimka. Ipyana aliacha simu ya watu wazi mezani akaja kusimama mlangoni.

Nikawaambia basi, karibuni chamani, kila Jumamosi. Wakasema wangependa sana, ila Jumamosi wako kwa Hadijah.

Wote sita!

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda kupeleleza. Nimevaa kofia ya mvua ya mama, nimekaa nyuma karibu na ndoo. Kidaftari mkononi. Nia: kuorodhesha udhaifu wa adui.

Tamthilia inasemwa Kikorea na maandishi ya chini ni Kiingereza. Hadijah anazima sauti, anasimama pembeni ya ukuta na kusema yeye. Anaweka sauti ya mfalme, ya malkia, ya mjakazi anayeficha barua kwenye nywele. Anafika pahali anamwambia Ipyana asimamishe (ndiyo, Ipyana! Projekta na kompyuta ni vyake, ananisaliti kila Jumamosi na hajawahi kuniambia!), kisha anawageukia wanawake: malkia amegeuza kikombe, mmeona? Anajua chai ina sumu. Sasa ninyi mngekunywa au mngekataa mbele ya mfalme?

Ukumbi ukawaka. Mama Atupakisye, mchuma chai mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, alisema yeye angemwaga kwa bahati mbaya kwenye nguo ya mfalme. Mwingine akasema huo ni woga. Walibishana robo saa nzima juu ya kikombe cha malkia wa ufalme uliokwisha zamani, kwa machungu kama vile ni shamba la baba yao.

Nami nilinyanyua mkono. Nilijisahau! Nikasema malkia angekunywa nusu, ambakizie mfalme nusu. Hadijah alinitazama chini ya ile kofia, akasema, "Jibu zuri hilo, mdogo wangu." Nikatamani kuzama ndani ya ndoo.

Kidaftari kina mstari mmoja tu. Udhaifu: hakuna. Nimeukata. Nimeandika: Udhaifu: tamthilia zote ziko kwenye flashi moja.

Alhamisi, 8 Mei

Mkakati mkuu. Hadijah anahifadhi tamthilia kwenye flashi nyeusi yenye uzi mwekundu, imening'inia pamoja na funguo za kibanda chake sokoni. Mimi nina flashi nyeusi za namna hiyo hiyo, mbili. Nimezifunga uzi mwekundu zote kwa uhakika zaidi.

Nia: nichukue yake, niache yangu yenye Mpishi wa Ngome ya Saba. Jumamosi wanatarajia mfalme, anatokea mpishi. Wanakasirika dakika tatu. Ya nne wananasa. Hadijah anabaki ameduwaa. Ukumbi ni wangu.

Nilijifanya nataka kitenge. Akaniteremshia majora kumi na moja bila kununa. Kila jora lina habari yake: hili rangi haitoki, hili linavutika, hili usishone nguo ya msiba maana linang'aa. Nilikuwa nasikiliza hadi nikakaribia kusahau kilichonileta. Alipopanda ngazi kushusha la kumi na mbili, nikabadilisha. Vidole vya mpelelezi! Nikasema nitafikiria, nikatoka mbio.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa. Nilikaa mbele safari hii, sikutaka kukosa. Ipyana akachomeka flashi. Akakuna kichwa, akasema kwa sauti kwamba hapa hamna tamthilia, kuna kadi za harusi, barua za kuomba kazi, na faili moja kubwa linaitwa JEMEDARI MWISHO KABISA 2.

Flashi ile nyingine! Ya kazini! Nimemwachia flashi ile nyingine!

Nikasimama. Nikasema usifungue. Alikuwa ameshafungua. Ukutani, herufi kubwa kama mlango: "Jemedari wa Ukungu. Riwaya ya Kihistoria. Imetungwa na Doreen."

Hakuna binadamu aliyewahi kuiona. Miaka miwili nimeiandika kati ya kopi moja na nyingine. Ni habari ya Nsekela, mwanamke aliyeongoza mikuki ya malafyale, mtawala wa bonde, enzi za misafara ya zamani. Na ndani yake yuko mwovu. Namnakili kama alivyo: "Bibi Hadaji, muuza vitambaa mwenye macho ya paka na sauti ya asali, aliyewauzia watawala satini huku akiwaibia siri."

Nilitaka kuzima umeme wa ukumbi mzima ila sikujua swichi iko wapi.

Wanawake wakaanza kunong'ona, wengine wakachukua mikoba. Hadijah alisogea ukutani, akasoma mistari ya kwanza kimya kimya, kisha akaanza kusoma kwa sauti. Ukungu ukashuka mlimani. Nsekela akatoka na mkuki. Maneno yangu yale, niliyoyachapa nikiwa na njaa, yalikuwa yanatembea! Mikoba ikarudi chini.

Akafika kwa Bibi Hadaji. Akaisoma ile sentensi yote, pole pole. Macho ya paka. Sauti ya asali.

Mama Atupakisye akapaza sauti, "Hadijah! Huyo si wewe?"

Hadijah hakunitazama. Akavuta mtandio vizuri, akanyanyua kidevu.

"Ni mimi," akasema. "Tulieni, nisikie nafanya nini."

Akamsoma Bibi Hadaji vile ambavyo mimi sikuwahi kumsikia kichwani mwangu. Mimi niliandika mtu mbaya. Yeye alimpa akili, akampa na upweke kidogo pale anapokunja vitambaa peke yake baada ya watawala kuondoka. Sikuandika upweke! Ulikuwa pale, na ni yeye aliyeuona. Kurasa zote arobaini na moja, kwa muda wa karibu saa mbili, na hakuna aliyetoka hata kwenda msalani.

Ukurasa wa mwisho Nsekela ananing'inia kwenye Daraja la Mungu, lile la mwamba, mto Kiwira unanguruma chini yake, na ncha ya kamba imo mikononi mwa Bibi Hadaji. Basi. Ndipo nilipoishia, kwa sababu sijui kinachofuata.

Kelele! Arobaini kwa mpigo. Anaiachia? Haiachii? Mama Atupakisye alinishika bega akaniambia nisiondoke humu ndani bila kusema. Kumbe alikuwa analia. Kwa ajili ya Nsekela! Mtu niliyemtunga mimi!

Walipotulia, Hadijah akanijia.

"Makosa mawili," akasema. "Enzi zile haikuwa satini. Watu walivaa kaniki na merikani. Satini wameitoa wapi? Na la pili, nirudishie flashi yangu."

Nikasema flashi ipi. Akanionyesha kwa kidole. Uzi mwekundu ulikuwa unaning'inia nje ya mfuko wangu, mrefu kama mkia. Nadhani tangu naingia.

Nikamkabidhi kwa mikono miwili. Nikasema nisamehe, Dada Hadijah. Nilimaanisha, na kwa kawaida huwa simaanishi. Akasema ningemwomba tu, angenipa saa moja tangu siku ya kwanza, maana hata yeye anachoka kuwa wafalme wote peke yake. Kisha akapanga: Jumamosi ijayo tamthilia kwanza, halafu mimi na sura mpya. Na huyo mpishi ninayemlilia kazini (Ipyana hana siri!) nije naye pia. Yeye atatafsiri.

Mzee Abrahamu alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wake, muda wa kufunga umepita. "Ndaga fijo," akaniambia, asante sana, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kamba ni ya katani au ya magome.

Nimetembea kwa miguu hadi nyumbani bila kuhisi mvua.

Jumatatu, 12 Mei

Nimetafakari kwa kina. Ushindi! Na umetokana na nini? Na kubadilisha flashi. Nisingebadilisha, nani angenisoma? Hivyo mikakati yangu inafanya kazi, kilichobaki ni kuikuza.

Saa moja ya Jumamosi haitoshi. Nina riwaya, nina sehemu hamsini na mbili za mpishi, nina mashindano ya gemu ya ngome ambayo hata sijayatangaza. Nahitaji Jumamosi nzima. Kwa hiyo nimechapa barua rasmi: "Umoja wa Wauza Vitambaa Nyanda za Juu" unamwalika Hadijah kwenye semina Mbeya mjini, kila Jumamosi, hadi Desemba. Mhuri nimeuchora kwa kizibo cha chupa.

Ipyana ameiona. Ameuliza Hadijah akienda Mbeya, Bibi Hadaji atasomwa na nani. Nimemwambia asiingize mambo madogo kwenye mipango mikubwa. Nitasoma mwenyewe. Nimejaribu mbele ya kioo. Mama akaja mbio akiuliza nimepaliwa na nini.

Saa nane Hadijah mwenyewe kaingia steshenari, kaniletea kipande cha kaniki nikishike, nijue uzito wake ninapoandika. Nikampa barua, nikasema imeletwa na mtu wa posta. Akaisoma yote. Akaugeuza mhuri kwenye mwanga. Akasema waandishi wa umoja huu wana Kiswahili kizuri kweli, hakuna kosa hata moja. Kisha akaniomba nimchapie jibu hapo hapo: anashukuru, lakini Jumamosi hawezi kusafiri, kuna mtu ananing'inia darajani na kamba anayo yeye.

Nimechapa. Ameweka sahihi. Amenikabidhi mimi nimpe mtu wa posta.

Amenasa kabisa, hajashuku chochote. Kesho naandika barua ya pili. Mhuri mkubwa zaidi.