Sahihi ya Mzee Stuckey

Jumanne, 3 Machi 1987
Nimeipata! Noti ya dola kumi ya mwaka 1902, yenye jina la benki ya mji wetu huu wa Harlow, iliyofungwa zamani. Ilikuwa ikijulikana moja tu, ya mkusanyaji mwenzangu wa noti za kale, Vernon Stuckey, nayo imechanika. Jirani yetu Bi. Orpha kaniuzia yangu kwa dola mia sita. Zilikuwa za kununulia mashine ya kupasha nyumba joto. Mke wangu Dorcas hajui. Anapika amevaa koti.

Jumatano, 4 Machi
Vernon kashasikia. Anakuja Jumamosi na dola elfu nne taslimu! Lakini noti ina madoa na mikunjo, lazima atanibania bei. Dorcas kauliza fundi wa mashine anakuja lini. Nimemwambia Jumatatu.

Alhamisi, 5 Machi
Nimeiosha kwa maji moto na sabuni ya vyombo, nikaipiga pasi. Imenyooka kama shati la harusi. Kisha nikatazama chini. Sahihi za rais wa benki na keshia hazipo! Zilikuwa za kalamu ya wino, zimekwenda na maji. Nimekaa sakafuni.

Ijumaa, 6 Machi
Keshia alikuwa Eldon Stuckey. Ndiyo, babu yake Vernon. Maktaba ina barua yake. Nimeiga sahihi mara arobaini kwenye karatasi, kisha nikaiandika kwenye noti. Safi kabisa. Ya rais nimeiacha, nani anamkumbuka?

Jumamosi, 7 Machi
Vernon hata hakutazama kama noti ina madoa au mikunjo. Lenzi yake ilikwenda moja kwa moja kwenye sahihi. Nilitokwa jasho ndani ya baridi ile. Akasema noti yake ilichanika hapo hapo, penye jina la babu, na miaka yote alichotaka ni jina hilo tu, hata kwenye noti chafu.
"Merle," akasema taratibu, "huu ni wino wa jana."
Akarudisha bahasha ya pesa mfukoni. Dorcas alikuwa mlangoni na koti lake, kasikia yote. Akageuka, akarudi jikoni kupika. Hilo limeniuma kuliko zile elfu nne.

Jumatatu, 9 Machi
Fundi nimemwahirisha. Bi. Orpha ana noti nyingine, ya dola tano! Sahihi zote zipo, ila ina doa la kahawa. Mashine ya kufulia ya Dorcas nimeshaipatia mnunuzi. Kosa langu nimeligundua: maji yalikuwa ya moto mno. Safari hii nitatumia ya baridi.