Mafarao wa Mferejini

Myamba, Jumatatu, 1 Septemba 1947

Mzee Naftali, mzee wa kanisa, amepokea posa yangu kwa binti yake Lea. Atajibu Jumapili, akishaona kazi ya mikono yangu. Zebedayo naye ameposa. Zebedayo! Mtu mwenye jembe tu!

Mimi nilikuwa mpishi wa jeshi Misri. Nina picha ya Farao aliyechongwa ukutani. Nitatengeneza Mafarao wa plasta, Wazungu wa treni pale stesheni ya Same wawagombanie.

Jumanne, 2 Septemba

Nimeleta jasi, mawe ya plasta, kutoka Makanya. Nimeichoma, nimeitwanga kwenye kinu cha mama. Makande ya jioni yametoka meupe.

Kiwanda kimepatikana. Mfereji wa Mzee Naftali umekauka tangu ndiva, bwawa letu la kule juu, ibomoke. Chini kuna udongo laini. Nachimba humo sura ya Farao, namimina plasta, ikiganda nabandua. Hapana wa kunisumbua.

Jumatano, 3 Septemba

Baragumu la msaragambo, kazi ya kijiji kizima, limelia alfajiri. Wanaume wote ndivani, kujenga ukuta. Mimi nina Mafarao. Nimejipaka plasta mguu mzima, nikasema nimevunjika. Mzee Naftali kanipa pole. Zebedayo kaniletea ndizi. Mnafiki! Nimezila zote.

Alhamisi, 4 Septemba

Mama kauliza mbona Farao uso umetazama kando na kifua kimetazama mbele. Alizaliwa hivyo, au aliangukiwa na mti? Nikasema ndiyo sanaa. Akasema basi apewe pole.

Baragumu tena. Wajinga wanabeba mawe, na bado wanaimba.

Ijumaa, 5 Septemba

Mafarao arobaini! Nimewaacha mferejini wakauke.

Plasta ya mguu ilipasuka, nikapaka upya. Lea kaleta uji. Kasema juzi ulikuwa mguu wa kushoto. Nimemjibu kuwa maumivu yamehama.

Jumamosi, 6 Septemba

Ndiva imekwisha! Mzee Naftali kafungua maji asubuhi. Eti ilitangazwa jana msaragamboni. Kwa nini sikuambiwa?

Nilisikia maji, nikakimbia. Nimempita hata Zebedayo. Plasta ya mguu imebaki njiani, vipande vipande, kijiji kizima kikitazama. Mafarao wote wamezama. Mahindi ya Mzee Naftali yamekunywa maji meupe kama maziwa. Mzee kautazama mfereji, kautazama mguu wangu. Nina matumaini.

Jumapili, 7 Septemba

Mzee Naftali kasoma Kutoka, sura ya kumi na nne. Farao na jeshi lake wakafunikwa na maji. Kanisa zima likageuka kunitazama. Hata mama.

Lea kapewa Zebedayo. Mimi nimepewa faini ya mbuzi kwa kukwepa msaragambo. Nimeumia kweli. Nilimpenda Lea tangu kabla ya vita.

Nimefikiri mchana kutwa, na kosa nimeliona. Nilichagua mtu asiyefaa. Kesho wanaifunga ndiva ili waongeze ukuta, kwa hiyo mfereji utakauka. Baragumu litalia. Mguu wangu bado haujapona.

Nitamchonga Musa. Mferejini palepale. Musa hazami.