Kengele ya Hezi 1,200

Jumatatu, 7 Julai 2025
Mtamba wangu kapotea! Yule wa mahari! Jumamosi baba yake Regina anakuja kumtazama, na zizini kuna mavi tu. Mama anasema ng'ombe hutafutwa kwa miguu, niende mtoni. Kwa miguu! Mimi niliyesomea ufundi wa sauti Musoma! Mlio wa kengele yake nilishaurekodi zamani. Nimeufungua kwenye programu: kilele cha masafa kimesimama hezi 1,200. Mwizi ajiandae.

Jumanne, 8 Julai
Nimepita kando ya zizi la jirani Godwin, simu mfukoni inarekodi. Kengele ya dume lake: 1,200! Nimemwita mwizi mbele ya mkewe. Eti aliinunua mnadani kabla sijaota ndevu. Mwizi gani hana hadithi? Shauri nimelipeleka kwa wazee wa ritongo, baraza letu la kijiji. Watakaa Jumamosi asubuhi, kabla mkwe hajafika.

Alhamisi, 10 Julai
Dada Agustina, anayefundisha fizikia Issenye, amepiga simu kuniharibia siku. Eti kipande ninachopima ni kifupi kuliko kupepesa jicho, kwa hiyo programu inaruka hezi mia mia, na kengele yoyote iliyo karibu na 1,200 itaangukia hapo hapo. Nirekodi kwa muda mrefu, kilele kitaonekana kilipo hasa. Wivu tu! Kipande kirefu kinagandisha kompyuta, na kompyuta si yake.

Jumamosi, 12 Julai
Aibu, lakini si yangu. Wazee wameniamuru nipime kengele za watu wengine pia. Ya mwenyekiti: 1,200. Ya katibu: 1,200. Kijiji kizima cha Susuni kimeniibia! Mara akaingia Mzee Waitara, baba yake Regina, na mkokoteni wake wa maksai. Kengele ya maksai: 1,200. Nifiche? Sayansi haina mkwe. Nimemwamkia shikamoo kwanza, kwa adabu zote, kisha nikamtaka aeleze alikoipata. Kageuza mkokoteni. Regina ameniandikia nioe hiyo kompyuta. Na wazee wamenitoza mbuzi kwa kumsingizia Godwin. Mbuzi! Kwa kusema ukweli!

Jumapili, 13 Julai
Nimeamka, kuna mtamba mlangoni pa zizi. Rangi ileile, sikio lililochanika lilelile, kengele shingoni. Mama kapiga vigelegele, anasema nimswage sasa hivi mpaka kwa Mzee Waitara nikaombe radhi, huenda akanisamehe. Polepole! Safari hii nimefuata maneno ya Agustina, asije akasema sisikii. Nimerekodi dakika nzima, mpaka kompyuta ikachemka. Kilele: 1,163.

Si wangu! Nimemfukuza kwa fimbo hadi ng'ambo ya barabara, naye kila hatua anageuka kunitazama. Mama analia, hataki hata kunipa uji. Na alie. Waniite wanavyotaka, lakini ng'ombe wa watu mimi sichukui.